Vidonda Vinne vya Mama

Juzi asubuhi nilimsikia binti yangu akisukutua nyuma ya jiko. Mnaijua sauti ile. Maji yanazungushwa kutoka shavu moja hadi jingine, yanapelekwa kooni yanaguruma kidogo, halafu yanatemwa kwenye vumbi. Nilimkorogea mwenyewe, nusu kijiko cha chumvi kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, baada ya kunionyesha kidonda kidogo cheupe ndani ya mdomo wake wa chini. Alikuwa ameshinda siku mbili akila maembe mabichi kwa pilipili pamoja na wenzake wa shule hapa Manyoni, na juu ya hayo akajing'ata. Hakuna cha ajabu hapo. Mtoto wa namna hiyo unamkataza maembe, unampa chumvi asukutue, unamwambia asikichokoe kwa ulimi, na baada ya wiki wote mmesahau. Lakini mimi niliacha mboga ikaungua, nikaenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikalia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Mume wangu aliponiuliza, nilisema ni moshi. Ninyi nitawaambia ukweli. Hamkuwapo, na mama yangu hamkumjua, na nimegundua kwamba mtu asiyemjua ndiye pekee ninayeweza kumweleza habari hii.

Tulikaa kijiji kimoja upande wa Ikungi, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa miguu kutoka Issuna. Baba alikuwa kibarua kwenye genge la kutengeneza reli kule Itigi, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, mwezi ukiwa mzuri. Mama alipika togwa. Aliloweka uwele, akautandaza chini ya magunia mabichi mpaka ukachipua vimeno vyeupe, akauanika juani, akausaga, na unga huo wa kimea ndio alioutia kwenye uji uliopoa. Kesho yake nyumba nzima ilinuka utamu, na keshokutwa yake utamu ule ulikuwa umeanza kuchachuka kwa mbali. Mpaka leo nikipita mahali penye kimea kilichoanikwa, miguu yangu hupunguza mwendo yenyewe.

Siku ya gulio ilikuwa Alhamisi. Mama alibeba ndoo kichwani, mimi nikabeba vikombe na kata ya kibuyu. Pale gulioni palikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeivunja, na naomba muishike vizuri, maana ndiyo iliyotumaliza. Aliyepika kinywaji chochote, kiwe togwa au pombe, sharti anywe yeye kwanza, mbele ya wateja, kwa kata ileile atakayowachotea. Tuliiita kutoa sumu. Hakuna aliyeona ni tusi. Mteja alisimama tu, akasema, "Toa sumu, mama," kama anavyosema hodi mlangoni, na mama akachota, akanywa, akameza, akampa.

Mama alikuwa na namna yake ya kutoa sumu. Wengine walilowesha midomo tu. Yeye alikunywa funda zima, akafumba macho, akakaa hivyo kidogo, kisha akatoa sauti ya "aah" iliyowafanya hata wasio na kiu wasogee. Aliniambia mara nyingi, "Ukionja haraka haraka unawadharau watu, Rehema. Onja kama umealikwa." Nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, na kazi ambayo niliitamani kuliko zote duniani ilikuwa hiyo ya kunywa mbele za watu.

Basi ulifika mwaka mmoja wa shida. Miezi ile ya mwisho kabla ya mvua, mboga zilikuwa zimekwisha, hata mlenda uliokaushwa tulikuwa tunakung'uta chini ya kikapu. Tulikula ugali kwa chumvi na maji ya dagaa, dagaa wenyewe wakitolewa na kuanikwa tena kwa ajili ya kesho. Baba hakuwa ameonekana kwa miezi miwili na hatukujua kwa nini. Mama alikuwa amevunjika jino kwa jiwe lililojificha kwenye kande, likabaki na ncha kali iliyomkwaruza ulimi kila akizungumza. Halafu siku moja nilimwona ameacha ugali. Kesho yake akaacha tena. Akawa anazungumza bila kufungua midomo, kama mtu aliyeshikilia sindano kwa meno.

"Unaumwa nini, mama?" nilimuuliza.

Akanivuta mlangoni kwenye mwanga, akachuchumaa, akafungua kinywa. Sijui kwa nini alinionyesha. Labda hakuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha. Kimoja kilikuwa ubavuni mwa ulimi, pale jino lilipokwaruza. Viwili ndani ya mdomo wa chini. Kimoja shavuni, kwa nyuma. Vidogo, vya mviringo, vyeupe katikati kama punje ya uwele iliyomenywa, vyenye ukingo mwekundu. Nilivihesabu mara mbili kwa kidole bila kugusa, maana mwalimu alikuwa akitusifu sana kwa kuhesabu.

"Ni vidonda tu," akasema. "Navipata tangu msichana. Hata bibi yako alikuwa navyo. Nikichoka, nikila vibaya, nikiwa na mawazo, vinakuja. Vinakaa wiki, vinaondoka. Havimwambukizi mtu."

Alivitibu kama alivyofundishwa kwao. Maji ya vuguvugu na chumvi, asubuhi, mchana, na kabla ya kulala. Uji aliuacha upoe kabisa. Chai ya moto, pilipili, ndimu na ukwaju alivikwepa. Mswaki wa mti aliutafuna mpaka ukawa laini kama pamba ndipo akaupitisha kwenye meno, taratibu, asiguse palipouma. Na kulikuwa na asali iliyobaki kwenye chupa ya soda, asali ya Itigi aliyoileta baba. Alinawa mikono, akachovya kidole, akapaka kidonda kimojakimoja. Nami nikadai nina kidonda ili nipakwe. Alinikagua, akajua ni uongo, akanipaka.

Nimekuja kuyasikia yaleyale hospitalini miaka mingi baadaye, kutoka kwa dada mmoja aliyevaa miwani na kuongea haraka. Alisema vingi vya vidonda hivi havina madhara, vinapona vyenyewe ndani ya wiki moja au mbili, na mara nyingine mwili unakuwa umepungukiwa damu au vitamini, au jino linakwaruza, au ni akili iliyochoka. Alisema kikizidi wiki tatu, au kikija na homa, au mtu akishindwa hata kunywa, ndipo aje aonekane. Alisema pia vimo kwenye ukoo. Nilitikisa kichwa nikimsikiliza, na kichwani mwangu nilikuwa namsikia mama mlangoni. Hakukosea hata kimoja, na hakuwahi kukaa darasani.

Ila togwa ni chachu. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Togwa ya siku ya tatu kwenye kidonda ni sawa na kumwagia ndimu. Alhamisi ilipokaribia, mama alinikalisha akasema, "Kesho utatoa sumu wewe. Ukiulizwa, sema nakufundisha kazi."

Sikulala vizuri kwa furaha. Njia nzima nilifanya mazoezi ya ile "aah," mpaka mama akacheka, akashika shavu kwa maumivu ya kucheka.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Vijana watatu waliokuja na ng'ombe walikunywa bila neno. Nilifumba macho, nikatoa sauti, wakanicheka, wakaongeza. Kisha akaja mzee mmoja muuza kamba, ambaye alikunywa kwa mama kila Alhamisi tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo, babu," nikasema, na kata tayari iko mdomoni.

"Marahaba. Weka hiyo. Mama yako hana mdomo?"

"Namfundisha kazi, babu," mama akasema.

"Mfundishe nyumbani kwa uji wake. Mtoto hatoi sumu. Aliyepika ndiye anayetoa."

Watu wakacheka. Haikuwa kwa ubaya. Mzee yule hakuwa mbaya, alikuwa tu mtu wa desturi. Mama akaichukua kata, akachota kidogo, akanywa. Nilimwona akijitahidi. Nilimwona akiipitisha togwa upande wa kulia, kwenye shavu lisilo na kidonda, lakini kinywa si chumba chenye milango. Uso ukamkunjamana, jicho moja likafumba, mkono ukaruka shavuni, na togwa kidogo ikamtoka pembeni mwa mdomo ikashuka kidevuni. Machozi yakafuata.

Watu wa karibu waligeuka kututazama. Mzee wa kamba alikuwa amekinyoosha kikombe chake mbali na mwili, kama kimeingia nyoka.

"Mwenye togwa kashindwa kumeza togwa yake," akasema taratibu.

Kijana mmoja kati ya wale watatu, aliyekwisha kunywa vikombe vitatu na kulamba kingo, alijishika tumbo akaanza kuinama. Mwenzake alimpiga mgongoni akimwambia atapike. Leo naweza kutabasamu nikimkumbuka, maana alikuwa mzima kama jiwe, na kikombe cha tatu alikuwa amekiomba mwenyewe.

"Ni jino," mama akasema. "Jamani, ni jino tu."

Na mimi, ambaye sikuwahi kuulizwa kitu, ambaye nilikuwa nimefundishwa sentensi moja ya kusema nikaisahau, nilipanda juu ya gogo ili nionekane. Niliona ni kama wanamwita mama yangu mchawi. Nilitaka kumwokoa. Nataka mlijue hilo, ingawa halisaidii kitu.

"Si sumu!" nilipiga kelele. "Wala si jino! Mama ana vidonda mdomoni! Viko vinne, nimevihesabu mwenyewe! Hata ugali hawezi kula, mnaona amekonda!"

Nilishuka kwenye gogo nikijiona shujaa.

Lazima mfahamu ilikuwa miaka gani. Ilikuwa miaka ile ambayo ugonjwa ule haukutajwa jina, mtu aliambiwa amekanyaga waya na kila mmoja akaelewa. Miezi michache nyuma, walikuja watu wa semina wakatundika picha kubwa kwenye ukuta wa ghala la kijiji. Walikuwa na nia njema. Picha moja ilionyesha mtu aliyekonda, nyingine kinywa kilichofunguliwa chenye weupe ndani. Semina ilikwisha, wageni wakaondoka, na wanakijiji tukabaki na zile picha vichwani. Hakuna aliyekumbuka kama walisema kwamba vidonda vingi vya mdomoni si huo ugonjwa. Labda walisema. Tulichoondoka nacho ni kukonda na kinywa. Na mama alikuwa na mume asiyeonekana, anayefanya kazi mbali, kwenye reli, penye watu wa kila aina.

Sumu ingekuwa heri. Mtu akishukiwa sumu anakunywa ndoo nzima mbele ya watu na kesho wanamwomba radhi. Mama alisimama na kata mkononi, na watu wakaanza kuondoka mmojammoja, kwa adabu, kila mtu akikumbuka shughuli yake. Waliokuwa wamenunua waliviweka vikombe chini, havikurudishwa mkononi mwake. Mzee wa kamba ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alimtazama mama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitia baridi, maana sikuelewa inatoka wapi.

Tulirudi na ndoo karibu imejaa. Njiani mama hakunigombeza. Alisema tu, "Shika kata vizuri, utaivunja."

Wiki mbili zilizofuata ndipo nilipoanza kuona. Mama alikwenda kumpa pole jirani aliyefiwa na mjomba, akapewa maji kwenye bakuli la plastiki lililopasuka, wengine wote wakinywea vikombe. Siku ya pili nililiona bakuli lile uani, kuku wakinywea. Bombani, watoto wenzangu waliambiwa wasinywe nilipokinga mdomo wangu. Shuleni nilipewa jina ambalo sitalitaja. Mama alipika togwa Alhamisi iliyofuata, tukakaa na ndoo mpaka jua likaelekea kuzama, nzi wakawa ndio wateja. Alhamisi ya pili yake hakupika.

Na vidonda? Vidonda vilipona siku ya tisa. Nilivikagua mwenyewe mlangoni. Kile cha ulimi ndicho kilichochelewa, kwa sababu ya jino, mpaka mama alipoisugua ile ncha kwa kipande cha jiwe la kunolea, kidogo kidogo, mchana kutwa, huku nikimshikia kioo. Msije mkajaribu, ni bahati tu hakulipasua jino lenyewe. Baada ya hapo kinywa chake kilikuwa chekundu na safi kama cha mtoto mchanga. Nikamwambia, "Havipo, mama." Akaniomba nitazame tena. Nikatazama tena.

Alhamisi ya tatu alioga, akavaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, tukaenda gulioni mikono mitupu. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Yona, muuza dagaa. Huyo alikuwa rafiki yake wa tangu usichana, waliolewa mwaka mmoja, na ndiye aliyemkata kitovu mdogo wangu aliyefariki. Mama alisimama mbele ya meza ya dagaa, mbele ya wanawake wote, akasema, "Mama Yona, niangalie." Kisha akafungua kinywa.

Nimeona mambo mengi tangu siku ile na nimezika watu. Sijawahi kuona kitu kilichoniuma kama mama yangu amesimama juani amefungua kinywa, kichwa kimeelekezwa juu, macho yamefumbwa, kama ng'ombe anayekaguliwa umri mnadani. Wanawake walisogea. Mama Yona alisita, akashika pembe ya kanga yake, na kwa pembe ile, si kwa kidole, akauvuta mdomo wa chini. Akatazama. Akamwambia ainue ulimi, akainua. Akatazama mashavu, huku na huku.

"Havipo," akasema.

Nilivuta pumzi. Nilimwona mama naye akivuta. Mmoja wa wanawake akauliza, "Havipo kabisa?" Mama Yona akasema, "Kabisa. Kinywa kisafi." Nikaanza kufikiri habari za kimea, kama tutaloweka leo au kesho.

Ndipo Mama Yona alipochota mchanga, akaisugua ile pembe ya kanga, akaikung'uta, akasugua tena. Akasema kwa upole kabisa, akimtazama mama kama mtu anayempa mwenzake pole, "Vikiondoka nje hivyo, dada yangu, vimeingia ndani."

Mama alifunga kinywa. Alisema, "Asante, Mama Yona." Tukarudi nyumbani.

Baba alirudi Jumapili moja mchana. Nilikuwa chini ya upenu nikipepeta unga, nikamwona anakuja na begi lake, nikakimbia kumpokea, akanipita. Hakuliweka begi chini. Aliingia ndani, akasimama katikati ya chumba, nami nikasimama mlangoni na ungo mkononi. Mama alikuwa amekaa juu ya kigoda akishona.

"Karibu, Baba Rehema," alisema.

"Nani alisema gulioni kwamba una vidonda?"

Unga ulinidondoka. Baba alikuwa mtu wa fimbo, sitaficha, na fimbo yake ilikuwa haihesabu. Mama hakugeuka kunitazama hata kidogo. Alimaliza kuvuta uzi.

"Mimi," akasema.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Nilizidiwa na maumivu nikasema."

Baba alilihamishia begi mkono wa pili. Kisha akasema, "Kama umejitangaza mwenyewe, basi unajua unachoumwa." Akaliinua begi begani, akatoka, akapita kando yangu mara ya pili siku ile. Hakula wala hakunywa maji. Baadaye tulisikia ana mke Itigi.

Sasa sikilizeni nilivyokuwa. Nilifurahi. Jioni ile nilikula vizuri, nikalala vizuri, kwa sababu sikuchapwa. Nilidhani mama amesahau ni nani aliyesema. Baadaye kidogo nilidhani watu wazima huwa wanadanganya tu bila sababu. Nilikuwa na miaka kumi na tano hivi, nimekaa darasani nikisikiliza kitu kingine kabisa, ndipo nilipoelewa kile alichokifanya. Kama angesema ni mimi, ingekuwa upuuzi wa mtoto, baba angenichapa, yangekwisha. Mke anayejitangaza mwenyewe ni jambo jingine. Alikuwa ameulizwa achague kati ya mgongo wangu na ndoa yake, na hakuhitaji hata kumaliza mshono.

Vipimo vilipofika kwenye zahanati, mama alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kwenda. Alirudi na karatasi. Hakuwa na kitu. Nilirukaruka, nikamwambia tuipeleke gulioni, tuipeleke Itigi, tuibandike kwenye ukuta wa ghala. Aliikunja mara nne, akaiweka chini ya godoro. "Nimwonyeshe nani sasa?" akasema. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, ya mwisho akiwa kwangu hapa Manyoni. Kila mgeni alipokuja, yeye alikula baadaye, kwenye sahani yake, kwa kijiko chake, na aliviosha mwenyewe hata mikono ilipokuwa inatetemeka. Nilimnyang'anya mara nyingi vile vyombo. Alivichukua tena. Vile vidonda vilimrudia kila mwaka kama kawaida yake, vikapona kama kawaida yake, na hakumwonyesha mtu. Mimi nilijua tu kwa jinsi alivyofunga midomo.

Sikumwambia kamwe kwamba ninajua. Nilikuwa nasubiri siku nzuri. Moyo wake ulisimama Jumanne moja asubuhi, akiwa amekaa, na nikabaki na maneno yangu.

Baada ya arobaini nilipanda treni kwenda Itigi. Nilijiambia kwamba kama nimeshindwa kumwambia mama, angalau nitamsafisha kwa baba. Nilimkuta mzee, macho yamefifia, amekaa uani kwake. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza mimi ni nani, nikamwambia. Nilikaa. Nikayasema yote kwa pumzi moja kabla sijaogopa, kwamba aliyesema gulioni ni mimi, kwamba mama hakusema neno, kwamba alisema uongo kwa ajili yangu, na kwamba alipima na hakuwa na ugonjwa wowote.

Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Najua," akasema.

Nilidhani hakunisikia.

"Najua, mwanangu. Nilivyoshuka tu kwenye basi Issuna waliniambia. Wakasema, mwanao kapanda gogo kapiga kelele."

"Sasa mbona ulimuuliza?"

Alipapasa papasa goti lake. "Nilishakuwa na mwenzangu huku," akasema. "Sikuwa nimejua namna ya kumwambia."

Nilirudi na treni ya siku ile ile. Mtu aliyekaa mbele yangu aliniuliza kama naumwa, nikasema hapana. Miaka yote ile nilimbeba mama kama mtu aliyenilipia kwa ndoa yake, na nilijifariji kwamba walau alicholipa kilikuwa kitu. Hakikuwa kitu. Ndoa ilikuwa imekwisha kabla hajafungua kinywa, na sidhani kwamba yeye hakulijua hilo. Miezi miwili mtu haji, mwanamke anajua. Labda ndiyo maana hakugeuka kunitazama. Hakuwa na ndoa ya kuokoa, akaona aokoe jambo moja, nisisimame mbele ya baba yangu nikadhani kwamba mimi ndiye niliyemfukuza.

Na ndivyo nilivyodhani, zaidi ya miaka thelathini.

Tulikuwa watatu mle chumbani, na wote tulijua ni nani aliyesema. Baba aliuliza, mimi nikanyamaza, na akajibu yule ambaye hakuwa na kosa.